Siku saba bondeni Mosel: kulala katika hoteli za kale za nchi ya mizabibu

Hoteli nyingi za kale za bonde la Mosel, magharibi mwa Ujerumani, zilianza kama nyumba za wakulima wa zabibu. Mapipa yalikaa chini, familia iliishi juu yake, na vyumba vya wageni vikaongezwa kadiri watalii walivyozidi kuja kwa treni na kwa meli. Mpaka leo nyingi zinaendeshwa na ukoo: anayekupa ufunguo saa tisa alasiri ndiye atakayekuletea supu saa moja usiku, na kesho alfajiri yuko jikoni anachemsha mayai. Watu ni wachache na kazi ni nyingi, ndiyo maana nyumba hizi hushika saa kwa ukali. Jiko likifungwa limefungwa. Mgeni anayezijua saa za nyumba hupata ukarimu ambao hoteli kubwa za mijini hazina. Asiyezijua hulala na njaa katika chumba kizuri.

Njia tunayoifuata hapa ni ya siku saba mwishoni mwa Septemba, kuanzia Jumatano hadi Jumanne: siku nne za kulala Cochem na mbili Traben-Trarbach. Jumatano imechaguliwa kwa makusudi. Hoteli na migahawa ya bonde hili huwa na siku yake ya kupumzika, inayoitwa Ruhetag, na mara nyingi ni Jumatatu au Jumanne. Ukifika siku hiyo umechoka na safari ya ndege, huenda ukakuta mji mzima hauna sahani ya moto.

Kabla ya kulipa chochote, jua unakodi nyumba ya aina gani. "Hotel garni" inatoa kifungua kinywa tu, chakula cha jioni utakitafuta nje. "Gasthof" ina mgahawa chini na vyumba juu. "Weinhotel" au "Winzerhof" ni ya mkulima mwenyewe, na mvinyo unaoletwa mezani umetoka shambani kwake. Ukiona "Halbpension", bei imejumlisha kifungua kinywa na chakula cha jioni, na kwa safari ya kwanza tunaipendekeza kwa moyo wote, kwa sababu inakuondolea hofu ya jiko kufungwa. Kisha andika barua pepe fupi uulize mambo manne: chumba kiko ghorofa ya ngapi na kama kuna lifti, Ruhetag ni lini, mapokezi yanafungwa saa ngapi, na kama wanapokea kadi yako ya benki. Usidharau swali la lifti. Nyumba nyingi za mihimili ya mbao zina umri wa karne tatu au nne na zinalindwa kisheria, kwa hiyo lifti haikuwekwa na haitawekwa. Ngazi ni nyembamba, zimepinda, na sanduku la kilo 23 litapandishwa kwa mikono.

Chumba kinachotazama mto huitwa "Moselblick" na bei yake iko juu. Mandhari ni ya kweli, lakini barabara nayo inapita palepale kando ya maji, na reli ya bonde hili hupitisha treni za mizigo usiku. Mwenye usingizi mwepesi achukue chumba cha nyuma kinachotazama mlima, halafu mto autazame wakati wa chai.

Wenye pasipoti za Tanzania na Kenya wanahitaji viza ya Schengen. Ada yake kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na bima ya matibabu lazima ifikie euro 30,000. Uthibitisho wa hoteli uwe na jina kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, pamoja na tarehe za kuingia na kutoka. Hoteli ndogo huandika barua hiyo bila shida ukiomba "Buchungsbestätigung". Chagua bei inayoruhusu kufuta bila gharama, maana jibu la ubalozi linaweza kuchelewa.

Siku ya 1, Jumatano: Frankfurt, Koblenz, Cochem

Kutoka uwanja wa ndege wa Frankfurt, treni za masafa marefu huenda hadi Koblenz zikifuata mto Rhine. Pale Mosel unaingia katika Rhine, baada ya kutiririka kilomita 544 hivi kutoka milima ya Vosges nchini Ufaransa. Koblenz unabadilisha treni. Za Cochem ni mbili: RE, inayoruka vituo vidogo na kuchukua kama dakika 40, na RB, inayosimama kila kijiji. Kaa upande wa kushoto ukielekea Cochem, kwa sababu ukishavuka daraja la Koblenz mto unabaki upande huo mpaka ufike.

Kuna tiketi ya mwezi iitwayo Deutschlandticket, euro 63 tangu Januari 2026, inayofaa kwa treni zote za mikoa na mabasi ya mijini na vijijini nchi nzima, ila haikubaliki katika ICE na IC, yaani treni za masafa marefu. Tatizo lake ni kwamba inajirudia yenyewe kila mwezi, na kuifuta lazima ufanye kabla ya tarehe 10 ya mwezi unaotaka uwe wa mwisho. Ukiinunua tarehe 20 kwa safari ya wiki moja, mwezi wa pili utakatwa pia. Kwa njia hii ya siku saba, tiketi za siku zinaweza kukutosha. Piga hesabu kwanza.

Kutoka stesheni ya Cochem hadi mji wa kale ni mwendo wa dakika kumi hivi, na sehemu ya njia ni mawe yaliyopangwa yanayovunja magurudumu madogo ya sanduku.

Vyumba hufunguliwa saa tisa alasiri. Mapokezi katika hoteli za ukoo hufungwa saa kumi na mbili jioni au saa mbili usiku, na baada ya hapo hakuna mtu wa zamu. Ukichelewa piga simu, usitume barua pepe: jioni hakuna anayesoma barua, wote wako jikoni. Watakupa namba ya siri ya kisanduku kidogo cha ufunguo kilichofungwa ukutani karibu na mlango. Piga picha namba hiyo kabla simu haijaisha chaji. Mapokezini utatoa pasipoti na kutia saini fomu ya usajili. Wajerumani wenyewe waliondolewa sharti hili tarehe 1 Januari 2025, wageni wa nje bado wanalo, kwa hiyo ukimwona jirani amepita bila fomu usidhani umebaguliwa na mwenye hoteli. Katika baadhi ya miji kuna pia mchango mdogo wa mgeni kwa kila usiku, unaolipwa juu ya bei ya chumba. Uliza kama mchango huo unakupa kadi ya mgeni yenye usafiri wa basi au treni, kwa sababu si kila mapokezi watakuambia wenyewe.

Sasa jambo linalowaponza wengi wetu. Unaagiza meza, mhudumu anasema "halb acht". Kwa neno ni "nusu nane", na sikio linataka kusikia nane na nusu. Maana yake ni nusu kuelekea nane, yaani 19:30, kwetu saa moja na nusu usiku. Ukija 20:30 umechelewa saa nzima, na kwenye nyumba nyingi hiyo ndiyo dakika jiko linapozimwa. Tusisahau pia kwamba saa yetu ya Kiswahili ina tofauti ya saa sita na yao, kwa hiyo hesabu inaweza kukosewa mara mbili katika sentensi moja. Mwombe aandike tarakimu kwenye karatasi.

Mezani, tazama kibao kilichoandikwa "Stammtisch". Hiyo ni meza ya wazee wa kijiji, hata kama iko tupu hukai. Maji ya bomba ni safi kunywa chumbani, lakini mgahawani maji ni bidhaa. Usiposema "still" yataletwa yenye gesi. Nyama ya nguruwe imejificha kila mahali: schnitzel ya kawaida, vipande vya nguruwe vya "Speck" ndani ya viazi vya kukaanga na saladi, hata ndani ya Gräwes, chakula cha hapa cha viazi vilivyopondwa na kabichi chachu. Asiyekula nguruwe aulize "ohne Speck?" kabla ya kuagiza. Samaki ndio kimbilio, Forelle na Zander, ila sosi yake mara nyingi imepikwa kwa mvinyo wa Riesling, zabibu nyeupe za bonde hili, na kileo hakiishi chote kwa kupikwa. Omba samaki wa siagi na ndimu. Asiyekunywa aagize Traubensaft, juisi ya zabibu ambayo mkulima huikamua kutoka shamba lilelile la mvinyo. Si kinywaji cha kumliwaza mtu. Ni nzuri kwelikweli, na wenyeji huwapa watoto wao.

Unapolipa, mhudumu huuliza "zusammen oder getrennt", mnalipa pamoja au kila mtu lake. Bahashishi ni asilimia 5 hadi 10, na haiachwi mezani. Bili ikiwa 36.40, unampa noti na kutamka "vierzig", arobaini, naye anarudisha kilichozidi.

Siku ya 2, Alhamisi: chumba, meza ya asubuhi, ngome

Kitanda cha watu wawili kina duveti mbili, kila moja ya mtu mmoja, upana wa sentimita 135 kwa 200. Wenye hoteli hawakukosea. Ndivyo Wajerumani wanavyolala. Mto wa kulalia ni mraba wa sentimita 80 kwa 80, laini mno, kichwa kinazama. Ukunje katikati, au omba mdogo mgumu.

Dirisha linastahili maelezo marefu, kwa sababu kila mwaka linawatia wageni hofu. Mkono wake una hali tatu. Ukitazama chini, limefungwa. Ukilala mlalo, linafunguka kwa ndani kama mlango. Ukitazama juu, linainama kidogo kwa juu na kuingiza hewa. Kosa hutokea mtu anapolifungua kama mlango, halafu, likiwa bado wazi, anageuza mkono uelekee juu. Kona ya juu inaachia, dirisha zima linaning'inia kwa bawaba moja ya chini, na unadhani linakuangukia. Halianguki. Lishike kwa mikono miwili, sukuma ile kona ya juu yenye bawaba ikutane na fremu, rudisha mkono mlalo, lifunge, kisha anza upya. Ikiwa mkono umekaza, kuna kijichuma ubavuni mwa dirisha kinachozuia usigeuke. Kibonyeze kwa kidole huku unageuza.

Hita ya ukutani ina kirungu chenye namba 1 hadi 5. Namba 3 ni kama nyuzi 20 za Selsiasi. Kuweka 5 hakuharakishi joto, kunafanya tu chumba kipite kiasi saa mbili baadaye. Wenye nyumba hukasirika, na wana haki, wakikuta hita iko 5 na dirisha limeinamishwa mchana kutwa. Fungua dirisha lote dakika tano, funga, washa. Viyoyozi karibu hakuna. Kwa anayekuja Julai, dawa ni kushusha vifuniko vya nje vya dirisha asubuhi na kuvipandisha usiku.

Kifungua kinywa ni saa mbili hadi saa nne asubuhi, na meza yako ina kibao cha namba ya chumba. Hapa hoteli ya ukoo inaonyesha roho yake. Kikapu cha Brötchen, mikate midogo iliyotoka tanuri la mwokaji wa mtaani, ganda lake likibanwa linalia. Birika la kahawa linaletwa kwako. Mayai ya kuchemsha yamevishwa vikofia vya sufi ili yasipoe. Ukilivua, gonga kichwa cha yai kwa kijiko, ondoa kifuniko cha ganda, tia chumvi, ule ndani ya ganda lenyewe, kiini bado kinatiririka. Kuna jamu ya pichi za shambani, maana pichi nyekundu hulimwa kando ya mizabibu, na kuna Quark, jamaa wa karibu wa maziwa yetu mgando ila mzito zaidi. Tahadhari moja: nyama nyekundu ya kusaga iliyopambwa kwa vitunguu, jina lake Mett, ni nguruwe mbichi. Kufunga mkate kwenye leso ili uule mchana ni jambo la aibu hapa. Ukitaka, muulize mwenye nyumba; wengi watakuandalia mfuko kwa bei ndogo.

Baada ya hapo panda Reichsburg, ngome iliyo juu ya mji, dakika 15 hadi 20 za mwinuko mkali. Majeshi ya mfalme Louis XIV wa Ufaransa yaliilipua mwaka 1689. Tajiri wa Berlin, Louis Ravené, akaijenga upya kati ya 1868 na 1877 ili iwe nyumba yake ya kiangazi. Huingii ndani bila mwongozaji, na ziara huchukua kama dakika 40.

Ukishuka, tazama kuta za nyumba za mtaa wa mto. Kuna mistari yenye miaka, mingine juu ya kichwa cha mtu mrefu. Ni alama za mafuriko, na Desemba 1993 ni kati ya zile za juu kabisa. Ukishaziona utaelewa kwa nini katika hoteli nyingi chumba cha kulia kiko ghorofa ya kwanza na chini kuna gereji au baa ya sakafu ya mawe. Mto ukitangazwa kupanda, familia huhamisha samani usiku kucha, kisha maji yakishuka huosha tope kabla halijakauka. Mafuriko mengi ni ya majira ya baridi. Hata hivyo hoteli nyingi hufungwa Januari hadi Machi, kwa hiyo usiagize miezi hiyo bila kuuliza.

Siku ya 3, Ijumaa: kwa meli hadi Beilstein

Meli za abiria huanza karibu na Pasaka na kuisha mwishoni mwa Oktoba. Cochem hadi Beilstein ni kama saa moja, kupanda mto, na njiani mnapita lango la maji la Fankel. Mosel umegeuzwa kuwa ngazi ya mabwawa. Mkataba ulitiwa saini mwaka 1956 kati ya Ufaransa, Ujerumani na Luxembourg, njia ikafunguliwa 1964, na kati ya Koblenz na Trier kuna mabwawa kumi. Kila moja lina chumba cha zege ambamo meli huinuliwa au kushushwa. Simama mbele ya meli. Inaingia polepole kati ya kuta mbili zenye ukungu wa kijani, pengo la kila upande ni dogo kiasi cha kuogofya, mlango wa nyuma unafungwa, kisha bila kelele ukuta unaanza kuzama. Ni nyinyi mnaopanda. Dakika kumi na kitu baadaye uko usawa wa mashamba, na mlango wa mbele unafunguka.

Ngazi hiyo ina udhaifu wake: ikikatika sehemu moja, yote imekatika. Desemba 2024 meli ya mizigo iligonga lango la Müden, chini kidogo ya Cochem, na makumi ya meli zikanaswa upande wa juu hadi lango likarekebishwa. Kwa msafiri funzo lake ni la kawaida tu: meli za mizigo hupewa zamu, foleni hutokea, kwa hiyo usipange meli ya mwisho ya kurudi kama tegemeo pekee. Beilstein haina treni. Jua basi la mwisho ni saa ngapi kabla hujaketi kula.

Beilstein ni kijiji kidogo mno, nyumba za mihimili ya mwaloni zimebanana chini ya magofu ya Burg Metternich. Ujenzi wenyewe mtu wa kwetu atautambua mara moja: mihimili imesimamishwa, katikati zikasukwa fito, zikakandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu, juu yake chokaa. Tofauti ni kwamba mwaloni umehimili karne kwa karne.

Jioni, tafuta mlango uliotundikwa ufagio au shada la majani. Hiyo ni Straußwirtschaft, mkulima aliyefungua ua wake kuuza mvinyo wake na vyakula vyepesi. Sheria inamruhusu miezi minne tu kwa mwaka na viti visivyozidi 40. Kadi nyingi hukataliwa, beba noti. Mikate, jibini, soseji, na maongezi ya jirani usiyemjua; kwenye benchi refu hukai peke yako, unauliza "ist hier noch frei?", hapa pana nafasi, na unakaribishwa.

Siku ya 4, Jumamosi: Calmont

Acha mizigo hotelini, panda RB (RE haisimami) kituo kimoja tu hadi Ediger-Eller. Kituo kimoja, lakini treni inapita tunnel ya kilomita 4.2 iliyofunguliwa 1879, ilhali mto wenyewe unazunguka zaidi ya kilomita 20 kufika palepale.

Kati ya Eller na Bremm kuna Calmont, shamba la mizabibu linalotajwa kuwa kati ya yenye mteremko mkali kuliko yote Ulaya, hadi nyuzi 65 hivi. Njia ya miguu inakatiza katikati yake, ina nyaya za kushikilia na ngazi za chuma. Tenga saa tatu. Viatu viwe vya soli yenye meno, maji lita moja na nusu kwa mtu, kwa sababu hakuna bomba wala kivuli. Mwamba ni sleti, jiwe jeusi la tabaka tabaka. Likilowa linateleza kama sabuni, kwa hiyo siku ya mvua usiende, na kibao kikisema "gesperrt", yaani imefungwa, geuka. Anayeogopa kimo apite njia ya juu ya ukingo, si hii.

Inama utazame mti mmoja wa mzabibu. Katika mashamba ya kale kila mti una nguzo yake binafsi. Matawi mawili marefu ya mwaka uliopita yamepindwa kushoto na kulia, yakashushwa na kufungwa kwenye nguzo, umbo likawa moyo. Kwa mpangilio huo mkulima anaweza kukatiza mlima upande wowote, maana hakuna waya unaomzuia. Vipande vya sleti vimefunika udongo, na saa kumi jioni, jua likiwa limeshaanza kulegea, ukivigusa bado vina joto. Joto hilo la usiku, pamoja na jua linaloangukia mteremko uliogeukia kusini, ndilo linaloivisha Riesling katika nchi ya baridi kama hii. Mvua inapita katikati ya mawe bila kutuama. Trekta halipandi hapa. Kuna reli moja ya meno, imebebwa juu ya vijiti, na kijigari chake hupandisha watu na kushusha masanduku ya zabibu, usiikanyage. Wakulima wa Dodoma, ambao huvuna mara mbili kwa mwaka kwenye ardhi tambarare, wakiuona mlima huu na mavuno yake ya mara moja watawapa wenzao heshima.

Jioni hii ni ya Federweißer. Ni maji ya zabibu yaliyoanza kuchacha, yanauzwa hasa Septemba na Oktoba, rangi ya maziwa kwa sababu ya hamira iliyoelea ndani. Anayejua tembo la mnazi ataelewa bila kufundishwa: asubuhi tamu, kesho kali. Chupa haina kizibo cha kubana, ina kifuniko kilichotobolewa, kwani gesi lazima itoke. Hapo ndipo watu wanapoharibikiwa. Ukiilaza ndani ya mfuko inamwagika yote, ukiifunga kwa nguvu inapasuka. Ibebe wima, iweke wima, kwenye friji ya hoteli au dirishani kwenye baridi. Huliwa na Zwiebelkuchen, mkate wa vitunguu vya kuokwa, ambao kwa kawaida una Speck. Na utamu wake unadanganya; bilauri mbili zinatosha.

Siku ya 5, Jumapili: kuhama

Chumba unakirudisha saa nne na nusu au saa tano. Bili isome mstari kwa mstari, hasa vinywaji vya jioni vilivyoandikwa kwa namba ya chumba, kwani tarakimu 1 na 7 za mwandiko wa Kijerumani hufanana kwa jicho letu. Ufunguo mzito wa shaba uache mapokezini. Wengi huondoka nao mfukoni. Duka karibu zote zimefungwa Jumapili, hivyo matunda na maji vinunuliwe Jumamosi. Chupa za plastiki zina amana ya senti 25 kila moja. Zirudishe kwenye mashine ya duka.

Treni hadi Bullay, kisha kitreni kidogo hadi Traben-Trarbach. Daraja la Bullay ni la ghorofa, treni juu na magari chini. Traben-Trarbach miaka ya 1900 ulikuwa mji wa biashara ya mvinyo uliozidiwa na Bordeaux pekee, na fedha hizo zikamleta mbunifu Bruno Möhring kutoka Berlin. Lango la daraja la 1899 ni lake, na hoteli Bellevue ya 1903 ukingoni mwa mto pia. Chini ya mitaa kuna maghala ya mapipa yaliyounganika. Vaa sweta hata kama nje kuna jua, kule baridi haibadiliki mwaka mzima.

Siku ya 6, Jumatatu: Bernkastel-Kues

Kwa mto ni karibu kilomita 24, kwa sababu Mosel unazunguka mlima. Kwa miguu juu ya mlima ni saa mbili hadi tatu. Basi lipo. Nenda asubuhi, kabla ya mabasi ya watalii. Uwanja wa soko una ukumbi wa mji wa 1608, na nyuma yake Spitzhäuschen, kijumba cha 1416, chembamba chini na kipana juu. Ng'ambo ya daraja, upande wa Kues, kuna hospitali ya Mtakatifu Nikolai, iliyoanzishwa na mwanafalsafa kardinali Nikolaus von Kues (1401–1464) kwa ajili ya wazee 33. Bado ni makao ya wazee, na kwa karne zote hizo imelishwa na mashamba yake ya mizabibu.

Leo Ruhetag itakugusa. Kula mlo mkubwa mchana, wakati milango iko wazi, na jioni utosheke na mkate na jibini.

Kama utanunua mvinyo, soma namba ndogo ya kileo kwenye lebo kabla ya maneno makubwa. Asilimia 8 au 9 maana yake sukari haikuchacha yote, mvinyo ni mtamu; 12 ni mkavu. "Trocken", yaani mkavu, haizidi gramu 9 za sukari kwa lita, "halbtrocken" 18. "Feinherb" haina kipimo cha kisheria, kila mkulima na mkono wake, kwa hiyo onja kwanza. Kabinett, Spätlese na Auslese zinaeleza jinsi zabibu zilivyoiva wakati wa kuvunwa, na Spätlese inaweza kuwa kavu kabisa. Eiswein hukamuliwa zabibu zikiwa zimeganda kwenye nyuzi 7 chini ya sifuri au zaidi. Majira ya baridi yasiyo makali hupita bila hata chupa moja.

Siku ya 7, Jumanne: kuondoka

Mwambie mwenye nyumba usiku kama treni yako ni kabla ya kifungua kinywa; atakuachia birika la chai na mkate mezani. Lipa usiku huohuo. Chupa ziende kwenye sanduku kubwa, kila moja ndani ya soksi mbili nene, katikati ya nguo, shingo zikipishana. Federweißer haipandi ndege kwa namna yoyote. Bullay kuna dakika chache za kubadilisha treni, kwa hiyo simama mlangoni mapema. Wanaorudi Frankfurt huelekea Koblenz. Wanaokwenda Luxembourg hupanda RE upande wa Trier, na waangalie sana behewa: treni moja hubeba mbili zilizoungana, Trier zinaachana, nusu yake inakwenda Luxembourg na nusu nyingine inaendelea ndani ya Ujerumani. Kibao kilicho ubavuni mwa behewa ndicho cha kuamini.